Leseni Inayokula Nauli ya Ndege

Gari langu la hapa Milton Keynes linakula petroli, bima na kodi ya barabara. Leseni yangu ya Tanzania, ambayo hairuhusiwi hata kuliwasha gari hilo, inakula tiketi ya ndege. Kila inapokaribia kuisha lazima nipande ndege nikaihuishe. Nikishatua Dar es Salaam, nikagawa zawadi, nikachangia bati za mjomba mmoja na ada ya mtoto wa mjomba mwingine, ile kadi inakuwa imenitoka kwa bei ya bajaji iliyotumika.

Wanaoniuliza kwa nini nisiiache ijifie hawamjui mama yangu. Mama haendeshi gari, hajawahi kuendesha, na hana mpango huo. Lakini tarehe ya kuisha kwa leseni yangu ameiandika nyuma ya kalenda ya ukutani, pamoja na namba za fundi bomba na muuza gesi. Paspoti haimtulizi, maana anasema paspoti ni ya kuondokea. Leseni ya hapa ni ya mtu wa hapa. "Mwanangu, hiyo ikiisha ndiyo umehama," aliniambia kwenye simu, kisha akaendelea na bei ya mchele.

Na huku Uingereza leseni hiyo ilinifaa kwa mwaka mmoja tu. Sheria inamruhusu mgeni aliyehamia kuendesha kwa leseni ya kwao kwa miezi 12, basi. Zipo nchi ambazo leseni zake hubadilishwa bila mtihani, na kwa upande wa Afrika nazijua mbili: Afrika Kusini na Zimbabwe. Jirani yangu Mzimbabwe alijaza fomu, akaifunga leseni yake kwenye bahasha, akaipeleka Swansea kwenye mamlaka ya leseni, akaletewa ya Kiingereza mlangoni. Mimi niliyekuwa napishana na daladala kwenye Barabara ya Morogoro tangu mabasi ya mwendokasi hayajazaliwa, nikaambiwa nichukue leseni ya kujifunzia na kubandika kibao cheupe chenye herufi L nyekundu, mbele na nyuma.

Sasa, mwenye leseni ya kujifunzia haendeshi peke yake. Lazima akae na mtu aliyetimiza miaka 21 na mwenye leseni kamili kwa miaka isiyopungua 3. Katika ukoo wetu wote uliopo huku, mwenye sifa hizo na nafasi ya Jumapili alikuwa mmoja tu: mpwa wangu, mtoto wa dada, mwenye miaka 23 na simu mbili. Baba yake nilimfundisha gari mimi mwenyewe, kwenye kiwanja cha mpira Magomeni, kwa pikapu isiyokuwa na kioo hata kimoja cha pembeni. Leo mtoto wake anakaa kushoto kwangu, kafunga mkanda, mikono kifuani.

"Mjomba, kioo."

"Nimeangalia."

"Umeangalia kwa macho. Mtahini anataka aone shingo."

Milton Keynes ina vipilefti zaidi ya mia, na naamini kila Jumapili tulivipitia vyote. Kipilefti cha Dar unakiingia kwa ujasiri na kutokea kwa dua. Cha huku unakingojea, unakihesabia njia za kutokea, unawasha taa ya kushoto, na aliye nyuma yako anakusubiri bila kupiga honi, jambo lililonitia wasiwasi kuliko honi yenyewe. Honi nayo ina sheria zake. Gari likiwa limesimama hupigi, ila kama kuna hatari ya gari lingine. Kwenye makazi ya watu hupigi tangu saa 5:30 usiku hadi saa 1 asubuhi. Nikamuuliza mpwa wangu sasa mtu anamsalimiaje rafiki yake akimwona ng'ambo ya barabara. Akasema huku hawasalimiani.

Lakini kilichonisumbua zaidi ni matuta. Mguu wangu wa kulia umelelewa na matuta ya barabara za kwetu, yale yaliyowekwa na serikali na yale yaliyowekwa na wananchi wenyewe wenye hasira. Ukiona kitu cheusi kimekatiza lami, unakanyaga breki kwanza, maswali baadaye. Jioni moja ya Oktoba nikafunga breki katikati ya barabara ya miti, simu moja ya mpwa wangu ikaruka ikagonga kioo.

"Mjomba, hicho ni kivuli."

"Kivuli cha nini?"

"Cha mti, Mjomba. Mti ule pale."

Nilipofaulu hatimaye, jirani wa Zimbabwe alikuja kunipongeza, na hapo ndipo nilipogundua nani kati yetu alikuwa na bahati. Ukibadilishiwa leseni, ile ya kwenu hairudi, wanaichukua. Sisi tuliolazimishwa mtihani hakuna aliyetuomba ya kwetu, kwa hiyo tunabaki nazo mbili. Mama alipopata habari hiyo alisema Waingereza ni watu wa haki kuliko alivyodhani.

Wapo wataalamu wa vijiweni watakaosema ningetembelea leseni ya Uingereza pamoja na kile kijitabu cha kimataifa, kinachouzwa madukani huku kwa pauni 5 na nusu. Kweli. Ila kijitabu kile si leseni, ni tafsiri ya leseni kwa lugha kadhaa, na chenyewe bila leseni hai nyuma yake ni daftari tu. Halafu fikiria mtoto wa Magomeni amesimamishwa Chalinze, anamtolea trafiki makaratasi ya watalii! Ningeulizwa nimekwishaiona Serengeti au bado.

Basi tuje kwenye kuhuisha. Zamani leseni ya Tanzania ilikuwa ya miaka 3 kwa shilingi 40,000. Tangu bajeti ya 2019/20 ikawa ya miaka 5 kwa 70,000. Ndugu zangu wa Dar walinung'unika kwamba bei imepanda, na kwa hesabu kali ni kweli, mwaka mmoja umeongezeka shilingi mia sita na ushee. Sisi wa ng'ambo tulishangilia. Ukitoa nauli ya ndege kwenye hesabu huwezi kuelewa furaha yetu.

Nilipotangaza kwamba nakuja kwa ajili ya leseni, binamu yangu mmoja alisikitika. Kila ukoo unaye binamu huyu, ambaye hana ofisi lakini kila ofisi ana mtu.

"Kaka, unapoteza nauli bure. Mimi pale nina mtu."

"Wanataka alama za vidole."

Kimya. Nikasikia anafikiri.

"Si uvipige picha vidole unitumie kwa WhatsApp?"

Nikamshukuru, nikakata tiketi.

Ombi lenyewe unalianza kwa simu, na hapo ndipo nilipokutana na maisha yangu mengine. Laini yangu ya Tanzania niliisajili kwa alama za vidole kama wenzangu, ile Januari 2020 zilipoanza kuzimwa zisizosajiliwa. Kisha nikarudi Uingereza na kuiweka kwenye droo. Laini isiyotumika miezi kadhaa hufungwa, na namba yake hugawiwa mtu mwingine. Sasa namba ya malipo ya leseni ilikuwa imetumwa kwenye namba iliyo kwenye kumbukumbu. Nikachukua simu ya kaka, nikajipigia mwenyewe.

"Haloo, nani mwenzangu?" Sauti ya mama wa makamo, nyuma yake kuna kitu kinakaangwa.

Nikajitambulisha jina, na kwamba namba hiyo zamani ilikuwa yangu. Kilichokuwa kinakaangwa kikaepuliwa.

"Kumbe ndiye wewe! Kaka yangu, nimedaiwa michango yako mpaka nimechoka! Harusi, kipaimara, mahari, arobaini. Nawaambia mimi siye, wananiambia usijifiche."

Nikaomba radhi kwa niaba ya ukoo mzima.

"Na kamati moja walinisumbua sana, kila siku wananiandikia 'mpendwa, tumebakisha siku chache'. Nikawaonea huruma, nikawatumia elfu kumi."

Hapo nikakaa chini. Kwa muda mrefu nilikuwa sielewi kwa nini shangazi yangu wa Tanga alinuna. Kumbe kwenye harusi ya mwanawe orodha ya michango ilisomwa hadharani, na jina langu, la mtu wa Ulaya, likatajwa na elfu kumi, juu kidogo ya mlinzi wa ukumbi. Mama yule alinisomea namba ya malipo, tarakimu zote 12, mbili mbili, kwa sauti ya mtu anayehesabu vitumbua. Nikamrudishia elfu kumi yake na ya kutolea. Akaniuliza kama mahari ya yule kijana wa Moshi ilikamilika, maana waliacha kuandika ghafla na yeye alikuwa anafuatilia.

Ofisini nilikwenda nikiwa tayari kwa vita, nikanyimwa. Foleni ilikuwa fupi, kiyoyozi kinafanya kazi, dada wa kwenye mashine ana adabu zake. Walionisaliti ni vidole vyangu. Nafanya kazi kwenye jiko la nyumba ya kutunzia wazee, na maji ya moto na sabuni za kule zimenifuta mistari yote mkononi.

"Baba, bonyeza. Toa. Bonyeza tena. Kwa nguvu kidogo. Siyo hivyo, utaivunja."

Mashine ikawaka taa nyekundu. Nyuma yangu foleni ikaacha kuwa foleni, ikawa baraza. Mmoja akashauri nifute kwa shati. Mwingine akasema nipulizie pumzi. Fundi mwashi mmoja, aliyeliwa vidole na saruji na ambaye wakati wa kitambulisho cha taifa alipitia hayo hayo, akasogea mbele kama daktari bingwa. "Mkavu huyu," akamwambia dada wa mashine, "anataka mafuta." Mama mmoja akafungua mkoba, akatoa kopo la mafuta ya mgando, akanichovya kidole kwa kidole bila kuniuliza, huku ananisimulia kwamba mwanawe naye yuko Ulaya, Uturuki, kama namfahamu. Kidole cha kwanza, taa ya kijani. Cha pili, kijani. Cha mwisho kilipokubali watu wakapiga makofi, na katikati ya makofi hayo ndipo nikapigwa picha. Kwa hiyo kwenye leseni yangu hadi itakapoisha nina uso unaong'aa mafuta na tabasamu la mtu aliyeshinda uchaguzi wa kata.

Siku chache baadaye tulikuwa njiani kwenda Morogoro, mimi na kaka, kwa gari lake. Leseni ilikuwa kwenye mfuko wa shati, upande wa moyo. Nakiri nilikuwa namtamani trafiki. Miaka yote hiyo ya kuihuisha, ya nauli na vidole, hakuna binadamu mwenye sare aliyekuwa ameniomba leseni hiyo nikaiona kazi yake. Tukapita Mlandizi, hakuna kitu. Mbele ya Chalinze, kwenye kijiji chenye kibao cha 50, akatokea nyuma ya mwembe, binti mdogo, nguo nyeupe pe, tochi mkononi. Akatuonyesha pembeni.

"Habari ya safari, mzee? Leseni."

Nikaitoa kwa mikono miwili. Akaitazama, akanitazama, akaitazama tena ile picha.

"Hii ni ya wiki hii."

"Nimehuisha tu. Naendesha siku nyingi."

"Unaendeshea wapi?"

"Uingereza."

"Huko kwenye makazi ya watu mwisho mwendo gani?"

"Maili thelathini kwa saa."

"Kwa kilomita?"

Nikapiga hesabu haraka. "Arobaini na nane."

"Wao wanakupa arobaini na nane, sisi tumekupa hamsini." Akanigeuzia tochi nisome mwenyewe: 61. "Na bado haikukutosha."

Faini ni elfu thelathini. Alipokuwa anaandika nikamgeukia kaka, ambaye tangu Kibaha alikuwa amelala, nikamkumbusha kwa upole kwamba gari ni lake.

Akafumbua jicho moja. "Leseni si ya kwako?" akauliza, na akalifumba.