Goti Si Klampu: Namna ya Kuituliza Reli ya Msumeno

Fundi, makosa mengi ya useremala hufunikwa kwa puti na msasa. Mkato uliopinda haufunikiki. Chukua ubao wa MDF wa milimita 18, ule wa futi 8 kwa 4, uupasue kwa urefu kutengeneza kabati la jikoni. Reli inayouongoza msumeno wako ikisogea milimita 2 katikati ya kazi, mlango utagoma kufunga, na mama mwenye jiko atauona upenyo huo kila asubuhi anapofuata majani ya chai. Huyo ni mkaguzi asiye na cheti, lakini hadanganyiki. Basi fanya hivi.

1. Listaafishe goti. Goti ni la kupigia magoti. Ukilikandamiza juu ya reli, kila unaposonga na msumeno nalo linasonga, na reli inalifuata. Kijana wa kazi naye usimkalishe mwisho wa reli: simu italia, ataipokea, na mkato utakwenda kumsalimia jirani. Tumia klampu mbili, moja kila mwisho. Reli nyingi zina mfereji chini yake wa kupitishia klampu, ili juu pabaki wazi na msumeno upite bila kugonga kitu.

2. Futa vumbi. Chini ya reli kuna kanda za mpira laini, nazo ndizo zinazoushika ubao. Zikijaa vumbi la MDF, reli inateleza kama ndala kwenye sakafu ya sabuni. Futa ubao, kisha futa kanda kwa kitambaa chenye unyevu na uziache zikauke. Usipulize kwa mdomo: vumbi hilo lina gundi, na mapafu yako si ghala. Vaa barakoa.

3. Ulaze ubao vizuri. Uegemee pande zote mbili za mstari wa kukatia. Tandika chini yake foamu ngumu au plaiwudi kuukuu. Ubao unaoning'inia hupinda, huubana msumeno, na msumeno uliobanwa humrukia mwenye kuushika. Meno yatokeze chini ya ubao milimita 3 hadi 5 tu, na unapopima kina hicho kumbuka kuhesabu unene wa reli.

4. Weka reli juu ya kipande unachokitaka. Msumeno hula milimita kadhaa za mbao. Acha uzile kwenye kipande cha kutupa. Tia alama mbili, moja kila mwisho, kisha sogeza ukingo wa reli hadi uzibusu zote. Reli izidi ubao mbele na nyuma, ili msumeno uanze ukiwa umekaa sawasawa na umalize bila kuinama. Ukiunganisha reli mbili, zinyooshe kwa rula ndefu kabla ya kukaza skrubu.

5. Utikise msumeno kabla ya kuchomeka umeme. Ukichezacheza juu ya reli, reli haina hatia. Kaza vifundo vya kurekebishia kwenye kitako chake hadi uteleze bila kuyumba. Ukishawasha, sukuma mbele kwa mwendo mmoja, bila kuegemea upande. Meno butu hukulazimisha kutumia nguvu, na nguvu hiyo ndiyo inayoing'oa reli mahali pake. Badilisha diski yenye meno hayo.

6. Pima kona kwa kona. Pande zinazotazamana zikilingana, na mishazari miwili ikilingana pia, kona zote za kipande ni pembe mraba. Isipolingana, rudi hatua ya kwanza kabla hujafungua gundi.

Mteja amelipia kabati ambalo milango yake inafunga. Ni haki yake, na haki hiyo inaanzia kwenye klampu mbili na kitambaa cha kufutia vumbi. Fundi, usiwashe msumeno kabla hujavishika.