Mwongozo wa Kuiweka Plazima Nyumbani, kwa Mkazi wa Eastlands Asiyeogopa Kitu

Umeyaona mageti ya siku hizi, yenye maua, majina ya koo na simba waliokatwa kwenye bati lenyewe, ukaapa kwamba geti lijalo la mtaa wa Umoja litatoka mikononi mwako. Sasa umenunua plazima, mashine ya kukatia chuma kwa mwali wa umeme. Hongera. Ni sanduku jepesi, hata kilo 10 halifiki, ubavuni limeandikwa CUT-40, na aliyekuuzia amekuhakikishia kwamba linakata chuma cha milimita 10. Hakukudanganya. Alichonyamazia ni kwamba kuna kompresa ya hewa, moshi, cheche, kelele na stima, na vyote hivyo navyo vinataka pa kukaa.

Wengi huanza na sebule, nawe usiwe tofauti. Iweke mashine chini ya televisheni, karibu na soketi. Mashine nyingi za bei nafuu huwasha mwali wao kwa umeme wa masafa ya juu, na masafa hayo hayabishi hodi kwenye televisheni, redio wala kompyuta. Jiandae kwa picha kukatika Gor ikipiga penalti. Kisha kuna hiyo soketi. Imeundwa kwa ampea 13, yaani kama kilowati 3, ilhali plazima ya ampea 40 ikikata kwa nguvu zote hutaka karibu kilowati 5. Hicho ni kiasi cha shawa ya maji moto, na shawa ina waya wake mnene unaotoka moja kwa moja kwenye bodi. Kompresa bado hujaiwasha. Fundi stima wa mtaani atakushauri utoe fyuzi uweke kipande cha waya. Mfuate, mradi una nyumba nyingine ya kuhamia.

Jikoni pana sifa ya kuwa na maji, na hilo ni jambo zuri iwapo moto utashika siku ya zamu yenu ya maji. Pana pia mtungi wa gesi. Kanuni za usalama wa kazi za moto hutaka kisiwepo kitu cha kuungua ndani ya futi 35, takriban mita 11, kwa kuwa cheche husafiri hadi huko. Jiko la Umoja lina mita ngapi? Chumba cha kulala tusikijadili. Godoro ni sponji.

Basi panda juu ya paa. Ghorofa za Umoja na Pipeline zina paa wazi, upepo mwingi na anga lote la Nairobi. Utapandisha kompresa ngazi hadi ghorofa ya saba, utapita katikati ya kamba za nguo na matangi ya plastiki, kisha utavuta ekstensheni ndefu kutoka nyumbani kwako. Waya mwembamba mrefu hupunguza nguvu ya stima njiani, mwali ukawa unashika na kuzima. Na ukiuacha umezungushwa kwenye kigurudumu chake hupata moto hadi plastiki ikayeyuka. Cheche nazo zitashukia blanketi za watu wa ghorofa ya sita. Kama ploti yenu ni ile ambayo stima imejumlishwa kwenye kodi, keyateka atakuwa mlangoni kabla simba wako hajapata mkia.

Mwenye nyumba Buruburu ananicheka hapa, maana yeye ana uwanja wa nyuma na kile chumba cha mfanyakazi kilichogeuzwa karakana. Anadhani amemaliza. Atafunga mlango ili jirani asione, na hapo ndipo namhurumia kwa dhati. Mwali wa plazima hupita nyuzi 20,000 za Selsiasi, ilhali uso wa jua ni kama 5,500. Bati la mageti na mapaa huweza kuwa limepakwa zinki, na zinki huchemka kwenye nyuzi 907 tu. Moshi mweupe utajaa chumba. Jioni atatetemeka, mwili utauma, kichwa kitagonga, naye atakwenda kupimwa malaria na kuambiwa hana. Ni homa ya moshi wa chuma, na kwa kawaida huisha baada ya siku moja au mbili. Mafundi watamwambia anywe maziwa. Maziwa hushuka tumboni. Moshi umeingia mapafuni, na hao wawili hawakutani.

Macho nayo yana zamu yao. Fundi wa Eastlands huvaa miwani ya jua aliyochagua Gikomba, na lazima nikubali kwamba humpendeza. Miwani ya kukatia huwa na kioo cha namba maalumu, kuanzia 5 kwa ampea kama zako, na ngao ya uso juu yake. Ukiikosa, mchana hutahisi lolote. Usiku wa manane ndipo utaamka ukidhani kuna aliyekumwagia mchanga machoni. Watoto wa mtaa waliokaa ukutani kukutazama wataamka saa hiyohiyo, na mama zao watajua pa kuja.

Kelele isikusumbue. Kanuni za kelele za mwaka 2009 zinaruhusu desibeli 50 nje ya makazi mchana na 35 kuanzia saa 2 usiku, na plazima pamoja na kompresa hupita 85 bila kujitahidi. Suluhisho la Eastlands ni kupanga jirani na kanisa lenye spika kubwa. Usiku wa kesha, hakuna atakayekusikia.

Imebaki barabarani, mbele ya duka. Hewa ipo, wateja wapo, kanjo wapo. Mama mboga atakuvumilia hadi sukuma yake ianze kung'aa kwa vumbi la chuma. Siku moja mteja atakuletea pipa tupu umkatie nusu mbili za kuchomea nyama. Muulize lilibeba nini. Pipa lililokuwa na petroli au thina halihitaji kujaa ili lilipuke. Mvuke uliobaki unatosha.

Mwaka 1985 Rais Moi aliwatembelea mafundi wa Kamukunji waliokuwa wakigonga chuma juani, na baadaye wakajengewa mabanda. Walipewa paa, wala hakuna aliyefikiria kuwapeleka sebuleni.

Ukiwa bado unabisha, chukua futi ya kupimia. Simama unapotaka kuiweka plazima, upime mita 11 kila upande. Kama bado uko ndani ya kiwanja chako, hujagusa godoro, gesi, kamba ya nguo wala mtoto wa mtu, sakafu ni simiti, pande mbili ziko wazi na kuna waya wenye swichi yake kutoka kwenye bodi, weka mashine hapo. Buruburu, futi hiyo itakuwa imeshapita sebule ya jirani. Umoja itakuwa hewani.

Na geti la bati la geji 16 ni milimita moja na nusu tu. Mistari yake yote iliyonyooka hukatwa na grainda. Plazima unaihitaji kwa simba peke yake. Kwa hivyo kabla hujalipia kompresa, panda matatu hadi Kariobangi Light Industries uulize bei ya kukatiwa simba mmoja.