Tumpigieni Profesa Makofi

Wanaombeza Profesa Piero Anversa wana kijicho tu. Mwaka 2001, yeye na wenzake walitangaza katika jarida la Nature kwamba seli za uboho wa mifupa zinaweza kuuotesha upya msuli wa moyo wa panya uliokufa. Mwaka 2004 watafiti wengine wakajaribu. Moyo ukagoma kuota. Je, makala ilipungukiwa? Thubutu! Hata wa kuikanusha sharti ainukuu, na kihesabio cha nukuu hakibagui: anayekusifu alama moja, anayekuumbua alama moja. Ni mpira wa kistaarabu, ambamo bao la kujifunga nalo ni lako.

Mwaka 2018 Harvard na hospitali ya Brigham and Women's zikaomba makala 31 za maabara yake ziondolewe majaridani, zikisema zina data za kughushi. Yaani 31! Wapo madaktari wanaostaafu bila hata moja ya kuondolewa. Wao, maskini, walishughulika na kutibu wagonjwa, sasa nani atawanukuu?

Na tusiulize mioyo mingapi imepona. Hilo halimo katika faharasa ya h, kipimo cha mtafiti kwa hesabu ya makala na nukuu zake, iliyobuniwa mwaka 2005 na Jorge Hirsch, mwanafizikia.