Utukufu wa Kamzigo Kadogo

Sisi tunaoishi ughaibuni tuna desturi ya kusifu vitu vikubwa. Tunasifu shahada, tunasifu barabara zisizo na mashimo, tunasifu hata baridi, eti inamkomaza mtu. Sijamsikia bado aliyesimama mbele ya watu akausifu ule mzigo unaoletwa mlangoni usiku wa kuamkia safari, umeviringishwa selotepu ya kahawia mpaka hauna mwanzo wala mwisho, na aliyeuleta anasema, "Nibebee tu, ni kamzigo kadogo." Kazi hiyo naichukua mimi, kijana wa Dar es Salaam ninayeishi Hamburg, ambaye mgongo wake unaijua habari yenyewe kwa karibu.

Kwanza, kamzigo kana habari kuliko gazeti. Tiketi hununuliwa kwa siri. Mwenye akili humwambia mama yake peke yake, tena kwa kumwapisha. Jioni hiyohiyo simu inaita kutoka Tandika: ni mama mdogo ambaye mara ya mwisho kuniona nilikuwa darasa la nne. Anauliza afya, anauliza masomo, anauliza kama nimepata mchumba na kama huko kuna msikiti wa karibu. Akishaaga kabisa ndipo anakumbuka: "Halafu baba, kuna kamzigo kadogo ka dada yako wa Bremen."

Dada yangu wa Bremen! Nimekaa Hamburg, mwendo wa saa moja tu kwa treni, bila kujua kwamba nina dada Bremen. Wapo watu wanaolipa maabara zipime mate yao ili waambiwe ukoo wao umetoka wapi. Mimi ukoo wangu huletwa bure, pamoja na kilo mbili za dagaa.

Pili, kamzigo hufundisha hesabu. Mashirika mengi ya ndege humpa abiria wa daraja la kawaida begi la kilo 23. Ukilipia nyongeza unaweza kufika 32, na hapo ndipo mwisho: likizidi, begi moja halipokelewi kabisa, maana kuna binadamu anayelinyanyua. Hiyo 32 isipite hivihivi. Karne ya kumi na tisa, misafara ilipokuwa ikitoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji, mzigo wa mpagazi ulikuwa takriban frasila mbili, na frasila moja ni ratili 35, yaani karibu kilo 16. Piga hesabu mwenyewe. Mnyamwezi aliyepanda bara na robota la nguo na kushuka pwani na pembe za ndovu alikuwa amefika kwenye kikomo kilekile cha kaunta ya leo, ila yeye alikwenda kwa miguu, kwa miezi, na hakuna aliyemuuliza kama anapenda kiti cha dirishani.

Tena mzigo mzito kuliko yote waliowahi kubebeana watu ulipita njia za misafara hiyohiyo. Mmisionari Livingstone alifariki Mei 1873 kwenye kijiji cha Chitambo, ndani ya Zambia ya leo. Watumishi wake Susi na Chuma, pamoja na wenzao, waliukausha mwili wake, wakaufunga kwa gome la mti na turubai, wakaubeba hadi Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Njiani, kwa kuwa kulikuwa na wenyeji wasiotaka maiti ikatize kwao, waliufunga upya ufanane na robota la nguo. Kwa hiyo nikimwona shangazi anachomeka chupa ya pilipili katikati ya soksi, sioni hila. Naona ufundi wenye historia. Mzigo ule ulizikwa Westminster Abbey, London, Aprili mwaka huohuo, na walioupokea hawakulalamika kwamba umechelewa.

Tuje kwenye yaliyomo, maana hapo ndipo wengi wanaposingiziwa ujinga. Watu hudhani Ulaya inakataza kila kinachonukia. Si kweli. Nyama na maziwa ya kutoka kwetu haviingii, hilo ni kweli, na samli ya bibi, hata iwe imechemshwa kwa dua, itaishia kwenye pipa la forodha. Lakini samaki anaruhusiwa mpaka kilo 20 kwa matumizi ya msafiri, na mkavu hana kosa. Matunda na mboga mbichi, tangu Desemba 2019, vinadai cheti cha afya ya mimea, isipokuwa matunda matano: nanasi, nazi, ndizi, tende na doriani. Isome tena orodha hiyo. Embe halimo. Chungwa halimo. Doriani limo! Yote matano unaweza kuyakuta soko la Darajani, Unguja, msimu ukikubali, na mtu angeniambia kwamba aliyeiandika kanuni ile kule Brussels ana mjomba wake Mwera, ningesadiki. Doriani lenyewe lakini silibebi. Umoja wa Ulaya umeliruhusu. Abiria aliyekaa jirani yangu hajaliruhusu.

Kamzigo vilevile hujenga uhusiano mwema na serikali za watu. Safari moja nilikuwa nimebebeshwa mbuzi ya kukunia nazi, na kwenye mashine ya mionzi ule ulimi wake wa chuma ulionekana kwa fahari isiyo kifani. Afisa, kijana wa umri wangu, aliiweka mezani akaomba maelezo. Maneno hayakutosha. Ikabidi niikalie palepale, niiname, nizungushe mikono hewani nikiwa na nazi isiyokuwapo. Wenzake wakasogea kuangalia. Mwisho akaniuliza, kwa upole kabisa, kwa nini mwenye mali asinunue tui la kopo. Nilimtazama kwa huruma, nikakunja mbuzi yangu, nikaenda zangu.

Hata hivyo utukufu wake hasa unaanza baada ya kutua, na hapa naomba nafasi.

Ujerumani ni nchi ya miadi. Mwenyeji akikukaribisha kwake, anatoa kalenda kwanza, na siku mnayopatana huwa ni Jumamosi ya wiki ya tatu, saa tisa na nusu, kahawa na keki. Ukifika saa tisa na robo unazunguka mtaa mzima kusubiri. Mgeni kijana anaweza kumaliza msimu wote wa baridi bila kuingia nyumba ya mtu. Kamzigo hakana kalenda. Unapiga simu, unasema, "Nina mzigo wenu kutoka kwa mama," na sauti upande wa pili inabadilika: uko wapi, njoo sasa, umekula? Hakuna mzigo wa Mswahili unaokabidhiwa mlangoni. Lazima uingie, uketi, utazame ukifunguliwa, utoe ushahidi kwamba mama ulimwona kwa macho yako na hajakonda.

Ndiyo maana nchi hii nimeitembea kuliko Wajerumani wa jengo letu. Ipo tiketi ya mwezi, iliyoanza Mei 2023 kwa yuro 49 na bei yake ikapandishwa baadaye, ambayo inakuruhusu kupanda treni zote za mikoa, zile za polepole, nchi nzima. Wenzangu huitumia kwenda kazini. Mimi naitumia kusambaza. Lübeck nimeiona kwa sababu ya mlenda mkavu: lile lango lao la Holstentor, lililoinama kwa kujengwa juu ya ardhi tepetepe, nimelipita na kitenge cha mtu kwapani. Bremen, bila shaka, ni kwa dada. Uelzen nisingekujua milele, kwa kuwa hakuna mtu anayekwenda Uelzen, ila ukitoka Hamburg kwenda Leipzig kwa treni za mikoa ndipo unapobadilisha. Kumbe kituo chenyewe kilipambwa upya kwa michoro ya msanii Hundertwasser, kina nguzo za vigae vya rangi zote, kimekaa pale kikisubiri mtu aliyekosa treni na mwenye muda wa kukitazama.

Leipzig nilifuata ubuyu. Nilikuwa nimeubeba ubuyu wa Zanzibar, na karafuu kidogo, kwa mzee mmoja ambaye nilikuwa simfahamu hata kwa picha. Baada ya Mapinduzi ya 1964 Zanzibar iliitambua Ujerumani Mashariki. Mafundi wa kwao wakaenda kusaidia kujenga majumba ya Kikwajuni, na vijana wa Unguja wakaja huku kusoma. Mzee wangu alikuwa mmoja wa waliokuja, na hakurudi. Nilikusudia kukabidhi na kuwahi treni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe mtoto wa nani?"

Swali hilo, kama unavyojua, si la kujibiwa ukiwa umesimama. Akanivua koti kwa mikono yake. Akauonja ubuyu, akasema umezidi sukari, wapishi wa siku hizi wana haraka, na akaendelea kuula bila kuacha. Akapika wali, tukala, akapakua tena bila kuniuliza. Saa tano usiku treni ya mwisho ilikuwa imeshaondoka na yeye yuko katikati ya mwaka 1972, dukani Leipzig, ambako ndizi zilikuwa adimu na zikifika habari zilienea mtaani kama moto. Mtoto wa Unguja, aliyekulia kati ya migomba, amepanga foleni kwenye theluji apate ndizi mbili! Alicheka mpaka akafuta macho kwa kitambaa cha meza. Nililala kwenye kochi lake. Asubuhi aliniandalia bahasha nene, ameifunga kwa kamba: kuna kitu kidogo cha ndugu yake aliyeko Hamburg, nikipata nafasi.

Mzigo unaokwenda upande wa pili, kutoka huku kwenda nyumbani, sitausifu kwa urefu. Huo umejaa simu, viatu vya kununuliwa kwa kipimo cha unyayo uliochorwa kwenye karatasi ya daftari, na betri za akiba ambazo haziruhusiwi kwenye begi la chini, lazima uingie nazo ndani ya ndege. Una faida zake, lakini hauna harufu.

Dosari zipo, na msifu asiyezitaja amelipwa. Achari ya ndimu hupasuka angani. Iliyopasuka ndani ya begi langu iliifikia suti yangu ya pekee, na tangu siku hiyo nikiingia kwenye usaili watu huanza kuulizana chakula cha mchana kinapikwa wapi. Unga wa muhogo nao hauvuji, unasambaa. Nimeukuta ndani ya pasipoti. Na pale kaunta mzani unapokataa, utapiga magoti mbele ya foleni nzima, ufungue maisha yako sakafuni, uvae makoti mawili na ukanda wa mtu, huku nyuma yako mtalii anakupiga jicho. Lakini nani asiyejua kwamba unyenyekevu ni jambo jema kwa kijana?

Dosari moja tu sina uwezo wa kuipamba. Kwenye uwanja wa ndege huulizwa: umefungasha mwenyewe? Kuna mtu amekupa kitu umbebee? Foleni nzima ya Waswahili hujibu hapana, tena kwa tabasamu, huku kila mmoja amebeba mali ya mtaa mzima. Tunacheka, lakini selotepu ile ya kahawia haichekeshi. Sheria ya dawa za kulevya ya Tanzania ya mwaka 2015 inafika kifungo cha maisha, na hakimu hapokei maelezo kwamba ulipewa na rafiki wa mama mdogo. Aliyeziba asione mtu anajua alichoziba. Anayekamatwa nacho ndiye asiyejua. Mzigo wa mwenye heshima una fundo la kamba, unafunguka, na mwenyewe hakasiriki ukiufungua mbele yake, kiroba kwa kiroba, mpaka chini. Anayekasirika, mwache na mzigo wake.

Kwa hiyo, jamaa zangu, wa damu na mtakaojulikana baada ya tiketi: nasafiri tena Desemba, na begini kuna kilo nne ambazo bado hazina mwenyewe. Leteni mapema, mzigo ukiwa wazi, nifungashe kwa mkono wangu. Dagaa karibu, ubuyu karibu, nazi karibu. Samli mpeni jirani.