Sensa ya Laptopu

Agosti 1991 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Linus Torvalds, alitangaza kuwa anatengeneza mfumo wa kompyuta, wa kujifurahisha tu, wala hautakuwa kitu kikubwa. Leo msimbo wa kazi hiyo, kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo, umepita mistari milioni 30. Nami Jumamosi moja asubuhi nilimwambia mke wangu hayohayo: jambo dogo, la kujifurahisha, kufika saa saba nitakuwa nimemaliza.

Laptopu yenyewe ni ya mtumba, betri ilishakufa, inaishi kwa waya wa ukutani. Aliyenitia maneno ni kijana wa jirani anayesomea mambo hayo. Alisema kerneli inayokuja na mfumo imebeba draiva za vifaa vya dunia nzima. Ukikompaili ya kwako ukaacha usivyovihitaji, mashine inakuwa nyepesi, inaruka.

Msimbo niliupakua kwa bando la mke wangu, simu yake ikiwa imechomekwa kwenye laptopu. MB zaidi ya 130, na hapo umebanwa. Ukiandika make, amri ya kukompaili, inagoma: hakuna flex. Ukiileta flex, inataka bison. Ukiileta bison, inaulizia libelf. Havisemi shida zao kwa pamoja. Kila kimoja kinangoja mwenzake apatikane kwanza ndipo nacho kidai.

Halafu menyu. Maelfu ya maswali, na kila swali unatakiwa ujibu ndiyo, hapana, au liwe moduli ya kuitwa ikihitajika. Je, nataka itifaki za redio za wapenzi wa mawasiliano? Je, nina kifaa ambacho hata jina lake sijawahi kulisikia? Chini ya maelezo ya mengi kuna ushauri uleule: kama huna uhakika, jibu hapana. Laiti ningeupata siku nilipoombwa uenyekiti wa kamati ya harusi, leo ningekuwa na kiwanja.

Bahati nzuri ipo amri ya mkato, localmodconfig. Inakagua moduli zinazotumika saa hiyohiyo, nyingine zote inazitupa nje. Ni kama sensa ya Tanzania ya 2022: aliyehesabiwa ni aliyelala kwenye kaya usiku wa kuamkia Agosti 23, hata kama alikuwa mgeni wa siku moja. Dakika niliyoandika amri ile, mke wangu alikuwa ameshachomoa simu yake na kwenda nayo saluni, na mashine nilikuwa nimeshaizima na kuiwasha upya bila simu hiyo. Mimi nikaendelea.

Feni ikaanza kulia, meza ikapata joto la kukaushia dagaa. Mistari inapanda kwenye kioo, CC hiki, CC kile. Mama mkwe, aliyekuja kututembelea kutoka Tanga, akasimama nyuma yangu na ungo wa mchele.

"Mkwe, hicho kinajiandikia chenyewe?"

"Ndiyo, mama."

"Na wewe?"

"Nakiangalia."

Akaguna, akarudi kupepeta. Muda si muda LUKU ikaisha, kioo kikawa cheusi.

Tukanunua umeme. Uzuri wa make ni kwamba hairudii kilichokwisha, inaanzia ilipoachia. Ubaya wake ni huohuo. Faili moja lilikuwa likiandikwa umeme ulipokatika, likabaki na jina lake bila hata baiti moja ndani. Make ikaona faili lipo, tena ni jipya kuliko chanzo chake, ikaridhika, ikapita. Kuja kuunganisha vipande vyote mwishoni, kiunganishi kikakataa katakata. Dawa yake ni kulifuta hilo moja na kuandika make tena, lakini kulitambua ndiko kulikotumaliza, mimi na chai ya jioni.

Usiku nikasakinisha, nikawasha upya. Ikawaka! Mke wangu akachomeka simu nipakue masasisho. Kimya. Simu inachaji tu, kana kwamba imechomekwa ukutani. Draiva ya intaneti ya simu haikuwamo. Siku ya kuhesabiwa ilikuwa saluni.

Haikuwa taabu kubwa. Kerneli ya zamani hubaki palepale kwenye menyu ya kuwashia, GRUB, unaichagua na maisha yanaendelea. Nikaiwasha hiyo, nikaingiza moduli iliyokosekana, nikakompaili tena, safari hii haraka.

"Sasa kimebadilika nini?" mke wangu akauliza.

Kasi, kusema kweli, hata mimi sikuiona. Nikaandika uname -r, nikamwonyesha jina la kerneli yetu: linaanza na 6.12 na kuishia na neno -tabata, nililoliweka kwa mkono wangu.

"Sisi tunakaa Segerea."

Nikahama mada. Nikawaeleza kuwa wale mabwana hawalali, karibu kila wiki hutoa toleo lenye marekebisho, na la wiki ile lilikuwa tayari limetoka.

Mama mkwe akainua macho kutoka kwenye ungo. "Na hilo nalo linatumia LUKU hiihii?"