Jinsi ya Kutega kwa Heshima Kati ya Ironman Mbili

Umeogelea kilomita 3.8, ukaendesha baiskeli kilomita 180, ukamalizia na marathoni nzima. Medali ya Ironman ya Gqeberha, Afrika Kusini, unayo. Wiki sita kuanzia leo una Ironman nyingine, na pesa umeshalipa. Kila mtu anakuambia uanze kujifua. Usimsikilize yeyote. Ndani ya wiki sita hutajenga nguvu mpya za kubadilisha matokeo. Ulichonacho ni uchovu wa kuondoa. Kazi yako ni kutega, nami nitakuonyesha namna ya kutega bila kuumbuka.

Siku tatu za mwanzo ndizo wengi wanazojiharibia. Mapaja hayaumi sana siku ya mashindano. Yanakuja kukusalimia kesho yake na keshokutwa. Utashuka ngazi kinyumenyume, mikono yote miwili ukutani, na kuketi chooni itakuwa shughuli. Acha iwe hivyo. Kila ulipotua mguu kwenye lami nyuzi za misuli zilichanika kidogo, na hazitaungana haraka kwa sababu umekimbia "taratibu tu". Kula wali, viazi vitamu, ndizi za kupika, maharage, supu ya kuku. Lala mapema, na mchana pia, ukipata kona ya kujificha.

Sasa tumzungumzie adui wa kweli, yaani majivuno yako. Usipigane nayo, utashindwa. Yape kazi. Vaa ile fulana ya waliomaliza uende nayo kazini Jumatatu, na Jumanne ukipenda. Weka picha. Simulia lile wimbi lililokupiga usoni, na ukiongeza kimo chake kidogo hatutakudai ushahidi. Mtu aliyesifiwa vya kutosha wiki ya kwanza haoni sababu ya kutoka Jumamosi kukimbia kilomita 20 ili asifiwe. Saa ya mkononi ifungie kabatini, mtandao wa Strava ubaki na njaa. Wenzako wa klabu wakiuliza leo umefanya nini, jibu kwa uso mkavu: "Nafuata programu." Ni kweli tupu, kwa sababu programu inasema ulale.

Wiki ya pili ingia majini, maana maji hayapigi miguu. Kisha panda baiskeli, barabara ya tambarare, gia nyepesi. Kukimbia kuje mwisho kabisa. Kila asubuhi kabla hujainuka kitandani hesabu mapigo ya moyo. Yakizidi kawaida yako, umepata ruhusa, rudi kwenye mto. Wiki ya tatu na ya nne fanya mazoezi marefu machache ya kuukumbusha mwili, mafupi kuliko uliyozoea. Baada ya hapo unatega rasmi: hata mabingwa hupunguza mazoezi wiki za mwisho, hivyo hakuna wa kukunyooshea kidole.

Siku yenyewe ikifika, tumia njia za mkato zilizo halali. Majini, jibanze nyuma ya miguu ya mtu anayekuzidi mwendo kidogo. Anakukatia maji, nawe unasafiri kwa jasho lake, na sheria inaruhusu. Kwenye baiskeli hila hiyohiyo ni kosa: muachane mita 12, na mwamuzi akikunasa unakaa dakika 5 kwenye hema la adhabu, ukiwatazama uliowapita wakipita. Kwa hiyo iba majini, barabarani uwe mwaminifu.

Kwenye marathoni, tembea kila kituo cha maji kuanzia kile cha kwanza, ungali mzima. Anayetembea kwa hiari kilomita ya 3 anaonekana ana mkakati. Anayetembea kwa lazima kilomita ya 30 hana la kuficha. Kunywa kwa kiu, si kwa woga. Maji kupita kiasi hushusha chumvi ya damu, na hilo limeshaua wakimbiaji. Vidonge vya maumivu viache hotelini. Siku hiyo figo zako zina kazi ya kutosha.

Na mambo yakiharibika? Ironman nyingi zinakupa saa 17. Ukianza saa moja asubuhi, una hadi saa sita usiku, na watakaokuja saa tano na ushei ndio watakaopigiwa kelele kuliko wote. Wala usidhani anayekumbukwa ni mshindi tu. Kwenye Ironman ya Hawaii, Februari 1982, Julie Moss alikuwa anaongoza wanawake, miguu ikamkatikia karibu na mwisho, akaanguka, akamaliza kwa kutambaa. Kathleen McCartney alimpita na kushinda kwa sekunde 29. Televisheni ikarusha picha zile, na aliyeutangazia ulimwengu mchezo huu akawa yule wa pili.

Ukiona wiki sita hazikutoshi, shuka daraja mapema, kabla mwili haujakushusha. Rubavu nchini Rwanda, ufukweni mwa Ziwa Kivu, kuna nusu ya masafa tangu Agosti 2022: kilomita 1.9, 90 na 21.1. Jina ni Ironman vilevile, na nyumbani hakuna atakayekuja na futi kamba.

Bado mita 100 za mwisho, nazo usizichezee. Tazama mbele. Kama kuna kundi, punguza mwendo litangulie, usije ukatokea nyuma ya bega la mtu. Vuta zipu hadi juu, futa makamasi, inua mikono. Halafu, nakusihi, usiguse saa. Picha ngapi zimeharibika kwa mtu kuinamia mkono wake pale mstarini! Muda wako wanao waandaaji kwenye ile chipu ya mguuni. Wewe tazama kamera.