Naomba Kuaminiwa na Kompyuta Yangu

Wakurugenzi,
Trusted Computing Group,
Beaverton, Oregon,
Marekani.

YAH: OMBI LA KUINGIZWA KWENYE ORODHA YA WANAOAMINIWA

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mkazi wa Dar es Salaam, sina kesi mahakamani, na kodi ya pango nalipa kwa wakati isipokuwa Januari. Ninamiliki kompyuta mpakato moja, mtumba kutoka Ulaya, niliyoinunua kwa fedha taslimu na risiti nikapewa. "Ninamiliki" nimeandika kwa mazoea tu. Nimekuja kuelewa kwamba nilichonunua ni bati, kioo na kibodi. Suala la nani aaminiwe humo ndani mlilimaliza zamani, tangu Compaq, HP, IBM, Intel na Microsoft walipounda umoja wao mwaka 1999, ambao mwaka 2003 ukawa ninyi. Sikualikwa kwenye kikao, wala silalamiki. Hata harusi za ndugu siku hizi ni kwa kadi.

Chipu yenu, TPM, nimejitahidi kuielewa. Mashine inapowaka, kila programu inayoamka inapimwa kabla ya kukabidhiwa kazi, na kipimo chake kinaandikwa ndani ya chipu, mahali ambapo hakifutiki hadi mashine iwashwe upya. Akitokea mtu wa mbali akauliza, "Huyu anaendesha nini?", chipu inaweza kuandaa taarifa na kuitia sahihi. Ufunguo wa asili iliyozaliwa nao kiwandani hautoki humo, na mimi niliyetoa pesa siruhusiwi hata kuuchungulia.

Kwetu kazi hiyo hufanywa na mjumbe wa nyumba kumi. Ukitaka kufungua akaunti benki au kumwandikisha mtoto shule, unamfuata, anakuandikia barua ya utambulisho, unaipeleka serikali ya mtaa ikagongwe muhuri. Ila mjumbe wetu ananifahamu, chai yangu anakunywa, na akizidi tunamwondoa kwenye uchaguzi. Wenu kateuliwa na kiwanda, anakaa sebuleni kwangu, anakula umeme wangu, na barua zake zote zinahusu tabia yangu. Sijawahi kumwona akiniletea barua inayosema kampuni iliyo upande wa pili wa waya nayo inaendesha nini.

Dawa mlishaletewa. Mwaka 2003 Seth Schoen wa Electronic Frontier Foundation alipendekeza kwamba mwenye mashine, akiwa ameketi mbele yake, aruhusiwe kuiagiza chipu itoe taarifa anayoitaka yeye, hata kama hailingani na kilichomo. Maana yake, chipu imlinde mwenye mali dhidi ya wezi, isimlinde muuza programu dhidi ya mwenye mali. Pendekezo halikupita. Naelewa ugumu wake: mnunuzi akizoea kutoa amri, kesho atadai na bei ipungue.

Kufuli silipingi. Ukiporwa mkoba kwenye daladala, ni faraja kujua kwamba diski imefungwa na ufunguo uko kwenye chipu. (Ingawa mwanzoni mwa 2024 mtafiti mmoja alionyesha, kwenye Lenovo ya miaka kadhaa nyuma, kwamba pale chipu inapokaa mbali na prosesa, ufunguo unaweza kunaswa njiani kwa kifaa kisichofika dola 10, ndani ya sekunde 43. Tuseme mwizi msomi hatumuwezi.) Ninachouliza ni nani kashika ufunguo.

Hebu mfikirieni mama mwenye steshenari kule Mbagala. Mashine kapigiwa Windows na kijana wa dukani, kijana kafungua akaunti ya Microsoft kwa barua pepe yake mwenyewe ili kazi iishe haraka, na diski ikajifunga kimya kimya bila mama kuambiwa. Siku ya siku BIOS, programu inayoiamsha mashine, inasasishwa, chipu inaona vipimo vimebadilika, inagoma kutoa ufunguo. Skrini ya bluu inamdai mama tarakimu 48 za kufungulia diski. Nje pana foleni ya wanafunzi wanaotaka kuchapisha fomu za mkopo, na mwisho wa kupeleka ni leo. Tarakimu zipo, tena zimetunzwa vizuri kabisa, kwenye akaunti ya kijana aliyekwisha hamia Tunduma na kubadilisha laini. Nakala hiyo hiyo iko kwenye seva za Microsoft, ambako mwenye hati ya mahakama anaweza kubisha hodi akafunguliwa. Kwa vigezo vyenu hapo mfumo umefanya kazi bila dosari: asiyehusika amezuiwa.

Mtasema ninyi mnaandika kanuni tu, wanaolazimisha ni wengine. Kweli. Microsoft ndio walioifanya TPM 2.0 kuwa sharti la Windows 11 mwaka 2021, wakataka na prosesa za Intel kuanzia kizazi cha 8, kisha tarehe 14 Oktoba 2025 wakafunga huduma ya Windows 10. Mashine nyingi za 2016, nyingine zikiwa na chipu yenu kamili, zikaachwa nje, nazo ndizo zinazopangwa mezani Kariakoo. Aliyetaka mwaka mmoja wa nyongeza alipewa njia: alipe dola 30, atoe pointi 1,000 za zawadi, au akubali mipangilio yake ihifadhiwe kwao kupitia akaunti ya Microsoft. Watu wa Ulaya walilegezewa masharti baada ya watetezi wa walaji kupiga kelele. Sisi tumeletewa mashine zao, kelele haikufungashwa.

Na humo ndani, kumbe, mjumbe ana jirani. Chipu za Intel zinabeba kompyuta nyingine ndogo, Management Engine, inayokesha hata mashine ikizimwa, mradi umeme upo, na mtumiaji wa kawaida hakuwekewa kitufe cha kuizimia. Mei 2017 ilibainika kwamba kwenye mashine za kiofisi mlango wake wa usimamizi wa mbali ulikuwa unafunguka kwa jibu tupu: ukiulizwa nywila usiseme kitu, karibu ndani. Novemba mwaka huo huo profesa Andrew Tanenbaum wa Amsterdam akakuta kwenye vyombo vya habari kwamba mfumo unaoiendesha ni MINIX, ambao toleo lake la kwanza alilitunga yeye 1987 kwa ajili ya kufundishia. Aliwaandikia Intel barua ya wazi kama hii, yenye adabu kuliko hii: akawashukuru, akaongeza kwamba ingekuwa uungwana wangemwambia. Kama aliyeutunga mfumo hakuambiwa, mimi wa risiti ya Kariakoo nani anikumbuke?

Naomba basi, kwa unyenyekevu, nipewe hadhi ya mtu anayeaminika ndani ya mashine niliyoinunua. Tarakimu zile 48 ziandikwe kwenye karatasi, kwa maelezo ya Kiswahili, mnunuzi akabidhiwe kabla hajatoka dukani, na nakala isiende popote mpaka aseme ndiyo. Pendekezo la 2003 lifukuliwe kabatini. Management Engine nayo iwekewe swichi, hata ikiwa ya kubonyeza kwa ncha ya sindano. Hilo wafikishieni Intel, mnakutana nao vikaoni.

Niko tayari kwa usaili wakati wowote. Wadhamini wawili ninao: mmoja mwalimu mkuu mstaafu, mwingine fundi kompyuta. Huyo wa pili mkimpigia, tafadhali msimuulize habari za barua pepe aliyofungulia akaunti za wateja.

Wenu mtiifu,

Mtumiaji
(asiye na haki za msimamizi)